Watoto Sita wa Tausi

Jumatatu, 3 Juni

Tausi bado hajazaa. Tumbo kubwa, chuchu zimejaa, mwendo wa maringo. Nimempima joto asubuhi, mchana na jioni. Joto la mbwa mwenye mimba likishuka ghafla, uchungu uko njiani. Hilo nalijua tangu utotoni. La Tausi halishuki. Nimebadilisha kipimajoto. Halishuki vilevile.

Ni lazima azae kabla ya Kahawa, mbwa wa Dada. Siombi mengi katika maisha haya. Majike hawa wawili walipandishwa wiki moja, kwa dume mmoja, Jemedari, mbwa wa Mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji wa mbwa. Dada alilipia dume, kama mtu asiyejua biashara. Mimi niliingia makubaliano ya kiungwana: silipi kitu, ila watoto wakizaliwa Mwenyekiti anakuja kuchagua mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote. Haki ya kuchagua kwanza. Ndivyo wanavyopandisha watu wakubwa.

Ikumbukwe kwamba Kahawa ndiye wa mwisho katika ukoo wa mbwa wa Baba. Baba alipofariki alimwachia Dada mbwa. Mimi aliniachia mabanda. Mabanda matupu! Sikulalamika. Nimeligusia jambo hilo mara chache tu, kwenye kila kikao cha familia. Tausi nilimtafuta mwenyewe, hana undugu wowote na mbwa wa Baba, na leo hakuna mbwa mtaani mwenye mwendo kama wake. Kahawa hutembea kama aliyetumwa dukani.

Mama anaishi nami ili nimtunze (yeye husema ni kinyume). Leo amelalamika kwamba viatu vyake vya kutokea vimepotea. Nikamwambia kwa upole kwamba mtu wa umri wake ana haki ya kusahau alipoweka vitu. Akatoka peku kwenda kuanika nguo.

Jumatano, 5 Juni

Viatu vimepatikana. Tausi amejichimbia kona ya stoo, juu ya magunia, amevikumbatia vyote viwili. Anavilamba. Akisikia hatua za mtu ananguruma. Maziwa yanamtoka mpaka yanalowesha gunia. Watoto hakuna.

Nimekaa naye tangu asubuhi. Nimemwimbia. Nimemkanda mgongo. Nimemweleza kwa maneno ya wazi kwamba heshima yangu imo mikononi mwake. Alinisikiliza vizuri, halafu akageuza kiatu cha kushoto akakilamba upande wa pili.

Mchana Mwenyekiti amepiga simu kuulizia mzazi. Nilikusudia kumwambia bado. Mdomo ukasema amezaa. Akauliza wangapi. Mdomo ukasema sita. Mwenyekiti alifurahi mno, akasema alijua tu, Jemedari hana mchezo. Akaahidi kutangaza kwenye kundi la chama. Ametangaza. Nimepokea pongezi nyingi, na moja ya Dada, ambayo niliisoma mara kadhaa nikitafuta kejeli. Sikuiona. Dada ni mjanja.

Kwa hiyo sasa wapo watoto sita ambao hawapo. Sina wasiwasi. Tausi atazaa leo au kesho, na nani atakayejua? Wakiwa watano nitasema mmoja alifariki. Wakiwa saba nitasema furaha ilinichanganya hesabu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama amemwita daktari wa mifugo bila idhini yangu. Daktari ni mtu mnene, mwenye haraka, ananuka dawa ya kuogeshea. Alimlaza Tausi ubavu, akambonyeza tumbo huku na huko, akasikiliza, akabonyeza tena. Kisha akavua glavu zake, akasema humo ndani hamna kitu. Hamkuwahi kuwa na kitu. Akasema ni mimba ya uongo. Mbwa jike anapata tumbo, anapata maziwa, anatengeneza kiota, anapenda kiatu au mdoli badala ya mtoto. Mwili wenyewe umejidanganya.

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika kuliko mimi. Nilimuuliza kama bado inawezekana watoto wakajitokeza, hata wachache. Akafunga mkoba. Akashauri Tausi anyang'anywe viatu, apunguziwe chakula, maziwa yakauke. Nilimwomba alifanye hili siri ya kitabibu. Alisema hana mtu wa kumwambia, mbwa hawasomi kundi la chama.

Viatu sikumnyang'anya. Maziwa yakikauka nitaumbuka mapema. Nimetangaza kwamba kuna ugonjwa wa kuambukiza mjini na kwamba kwangu hapaingii mtu mpaka watoto wakomae. Nimepongezwa kwa tahadhari.

Jioni Mwenyekiti akapiga tena. Akaomba walau asikie sauti zao. Mtu mzima mwenye mvi, anaomba kusikia watoto wa mbwa! Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia. Nililia vizuri, lazima nijitendee haki. Nikaanza na sauti mbili za chini, nikaweka moja ya juu, yenye njaa. Mwenyekiti akasema huyo wa juu ana mapafu. Nilipogeuka Mama alikuwa dirishani na beseni la nguo. Aliuliza kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikasema hapana. Tausi naye alikuwa ameinua kichwa, masikio wima, ananitazama kwa matumaini. Hilo ndilo lililoniuma kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Kahawa amekufa.

Alianza uchungu jana. Wanne walitoka vizuri, wa tano akakwama. Daktari alifika, akamtoa mtoto akiwa hai, lakini Kahawa alikuwa amemwaga damu nyingi. Dada alimpigia Mama simu alfajiri, na Mama akaniamsha kwa kunivuta mguu.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusema maneno fulani kuhusu umuhimu wa kuchagua jike mwenye nyonga pana. Sikuyasema. Dada alikuwa amekaa sakafuni anamwosha Kahawa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama alivyotufundisha Baba kuwaosha wanaporudi kutoka matembezini. Au tuseme alimfundisha yeye. Mimi zamu yangu ilikuwa kufagia. Watoto watano walikuwa kwenye kasha la kuzalia la Baba, wamefunikwa blanketi, wanalia. Wanalia tofauti na nilivyolia mimi. Sauti yao ni ndogo zaidi na haiachi.

Dada alisema hawa ndio wote waliobaki wa Baba. Kisha akaniuliza, bila kunyanyua uso, kama Tausi angeweza kupokea wawili. Hata mmoja. Yule mdogo.

Nilihisi Mama ananitazama kisogoni. Nikasema Tausi ana sita na chuchu zimejaa, nikimwongezea nitaua wangu. Dada akasema ameelewa, hakupaswa kuniuliza. Akachukua chupa. Yule mdogo hakujua kuinyonya, maziwa yalikuwa yanamtokea puani.

Nimerudi nyumbani kwa mguu. Sijisikii vizuri. Nadhani ni kukosa kifungua kinywa.

Jumatatu, 10 Juni

Mmoja amekufa kwa Dada. Si yule mdogo, ni dume mwenye kifua cheupe.

Mama amefunga nguo zake. Amesema anakwenda kukaa kwa Dada kumsaidia kunyonyesha kwa chupa, maana Dada halali wala hali. Mlangoni aligeuka. Alisema kwa sauti ya chini kabisa kwamba hapa kuna mbwa mwenye maziwa asiye na watoto, na kule kuna watoto wasio na maziwa, na kwamba amenizaa yeye lakini kwa hili anashindwa kunielewa. Akasema hataniumbua. Aibu ni yangu, niibebe mwenyewe hadi kwa dada yangu. Ila niibebe kabla ya kesho jua kuzama.

Alivaa makubadhi yangu. Viatu vyake bado vinanyonyeshwa.

Nimefikiri mchana kutwa. Nikikubali kwamba Tausi alikuwa mtupu, Mwenyekiti atajua nilimlilia kwenye simu. Chama kizima kitajua. Watanipa jina, na jina la chama halifutiki. Yupo mzee mmoja huko anaitwa Kupe mpaka leo kwa jambo la zamani sana. Lakini wale watoto nao hawatoki kichwani. Nikifunga macho nasikia ile sauti ndogo.

Lazima iwepo njia ya kuwaokoa bila mimi kuonekana mjinga. Nikisema Tausi ana nafasi, wataniuliza sita wako wapi.

Jumanne, 11 Juni

Njia imepatikana! Nimekwenda kwa Dada nimevaa shati jeupe. Nikamwambia sikulala kwa kumfikiria. Nikamwambia nimeamua kuwatoa watoto wangu sita kwenye chuchu na kuwaweka kwenye chupa, kwa kuwa wao wana afya na watastahimili, ili wake wanne wanyonye kwa Tausi. Damu ni damu, nilisema.

Dada aliniangukia begani akalia. Tangu tulipomzika Baba hajanigusa hivyo. Alisema amenidhania vibaya miaka mingi na kwamba Baba angejivunia. Nami nikalia. Machozi ya kweli, kabisa. Kwa dakika ile niliwaona wale sita, wamejipanga, kila mmoja na chupa yake, wanajitoa kwa ajili ya binamu zao.

Mama alikuwa anachemsha chupa. Baadaye, akinipa watoto ndani ya katoni, alininong'oneza kwamba hayo mengine tutayazungumza siku nyingine, kwanza watoto washibe.

Dada alinipa maelekezo mpaka getini. Wahesabiwe kila mara. Yule mdogo awekwe katikati ya wenzake, kwa sababu akitambaa pembeni anapoa, na mtoto wa mbwa akipoa maziwa hayashuki. Chupa ya maji ya moto ibadilishwe ikianza kupoa. Nikamwambia najua. Nikamwomba asije kutazama kwanza, kwa ajili ya ule ugonjwa wa mjini. Alikubali kila kitu.

Jumatano, 12 Juni

Leo niseme ukweli: sijawahi kuwa na siku kama hii.

Niliwapangusa wale wanne kwa gunia la Tausi na nikawapaka maziwa yake mwenyewe, ili wanuke kwake. Nikamwekea mmoja mbele ya pua. Tausi alinusa. Akakitazama kiatu. Akanusa tena. Kisha akamlamba yule mtoto mara moja, polepole, akatetemeka mwili mzima, akamvuta kwa kidevu mpaka tumboni. Nikaleta wa pili, wa tatu, yule mdogo. Wote wakashika chuchu. Stoo nzima ikanyamaza, nikasikia wanavyomeza.

Nimekaa hapo sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Hii ndiyo sababu mtu anafuga mbwa. Si vikombe wala chama. Nimewaza kwamba kesho nitakwenda kwa Dada nimweleze yote, tucheke.

Kisha Mwenyekiti akapiga simu. Anakuja Jumapili kuchagua mtoto wake.

Alhamisi, 13 Juni

Yule mdogo amekufa. Nimemkuta pembeni ya magunia, mbali na wenzake, baridi kama sahani. Chupa ya maji ya moto ilikuwa imepoa zamani.

Nilikuwa sebuleni naandika hotuba fupi ya kumkaribisha Mwenyekiti. Sijui nilikaa humo muda gani. Hotuba ilikuwa inakwenda vizuri.

Nimemweka chini ya shati langu, nimemsugua kifua, nimempulizia puani. Anaenea kwenye kiganja. Nimelia, na sikuwa naigiza, maana hapakuwa na mtu wa kuniona. Dada angemwona mapema. Dada angekuwa pale pale.

Ndipo wazo likaja. Sikuliita. Nilikuwa nimemshika huyu mmoja mkononi na nawatazama watatu wanaonyonya, na wazo likakaa karibu yangu likaanza kuniambia mambo yake kwa sauti ya busara.

Ijumaa, 14 Juni

Imekwisha. Nimempelekea Dada yule mdogo, amefungwa kwenye taulo safi. Nikamwambia wameondoka wote wanne, kati ya juzi na jana, mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia wale wengine niliwazika nyuma ya mabanda kwa kuwa hali yao haikufaa kuonwa, ila huyu nimemleta ili amuage.

Sikupenda kufanya hivyo. Niandike hapa kwamba sikupenda. Lakini Mwenyekiti anakuja Jumapili, na mtu hawezi kumwonyesha Mwenyekiti viatu. Na ukitazama vizuri, Dada hakupoteza kitu ambacho hakuwa anakipoteza. Kwake wangekufa. Kwangu wako hai. Mimi ndiye niliyewapa uhai, kwa hiyo wangu.

Dada hakulia. Alifungua taulo, akamtazama, akauliza kama alikufa akiwa na joto. Nikasema ndiyo, nilikuwa nimemshika. Akasema asante. Akaniuliza kama wangu sita wako salama, baada ya yote niliyowanyima kwa ajili yake. Nikasema watatu nao wameondoka, wamebaki watatu. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa ajili ya watoto wangu! Akaniomba msamaha, mimi, mbele ya Mama.

Mama alikaa kitini ghafla. Nadhani yeye aliwalilia wale wanne tu. Hakunitazama hata mara moja, na nilishukuru.

Jumapili, 16 Juni

Ushindi!

Mwenyekiti amekuja na suti ya safari na miwani ya kusomea. Nilimtolea hotuba yangu. Nikamweleza msiba wangu, watatu kati ya sita, na usiku niliokesha. Akavua kofia. Alipoingia stoo Tausi alitikisa mkia, akawafunika watoto kwa shingo kama malkia. Mwenyekiti akasema kwa muda wote aliofuga hajaona jike mwenye uzazi mwema namna ile. Akawanyanyua mmoja mmoja, akawapima kwa macho, akavuta ngozi ya shingo. Akachagua dume mkubwa. Akauliza anafanana na nani. Nikasema masikio ni ya Tausi kabisa. Akakubali. Atamchukua akishaachishwa maziwa.

Akasema mbele ya chama atanitaja kama mfano wa kujitolea. Alitaka nilirudie jina la mabanda yangu ili asilikosee.

Kisha akaharibu. Akiwa anavaa kofia akasema amesikia habari za dada yangu, kwamba amepoteza jike na watoto wote, na kwamba ukoo wa mbwa wa marehemu baba yetu umezimika. Akasema, mimi nikiwa ndugu wa damu na Mungu amenibakizia watatu, bila shaka ninakusudia kumpa mmoja. Alinitazama kwa yale macho ya kwenye mikutano. Nikasema ndilo jambo la kwanza nililolifikiria. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Nimelitafakari jambo hili mpaka jioni, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo linavyonipendeza. Dada atapata mtoto wa mbwa. Chama kitaona ukarimu. Na yeye atakuwa na deni kwangu maisha yake yote. Nitampa yule jike mwembamba, asiye na alama yoyote.

Jumatano, 19 Juni

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Nilimbeba yule jike kwenye koti mpaka kwa Dada. Ameanza kufungua jicho moja. Nilimkuta Dada uani anang'oa wavu wa banda na kuukunja. Kasha la Baba lilikuwa limeoshwa, limeegemezwa ukutani, na juu yake minyororo na mabakuli. Alisema alikuwa anataka kuniletea vyote. Alisema yeye amefika mwisho na kwamba mimi ndiye niliyebaki, hivyo ni haki yangu. Miaka mingi nimengoja kusikia sentensi hiyo. Nikatoa mtoto kwenye koti, nikasema ni zawadi, kutoka kwa Tausi.

Kwanza alikataa. Alisema siwezi kujinyima tena. Nikasisitiza. Akampokea, akamweka kifuani, na mikono yake ikaanza kufanya kazi yake bila yeye kuiambia: kichwa, mgongo, tumbo, miguu ya mbele. Akafika miguu ya nyuma. Kidole gumba kikasimama.

Mbwa wa Baba walikuwa na kitu hiki, na ninaapa nilikuwa nimekisahau: juu ya wayo wa nyuma, upande wa ndani, kuna kidole cha ziada, chenye kucha mbili. Wafugaji wengi hukikata siku za mwanzo, kwa kuwa hakina kazi. Baba hakukikata. Jemedari hana. Tausi hana. Ni wa Baba tu walionacho. Dada amewaosha miguu tangu akiwa mtoto. Mimi nilikuwa nafagia.

Aligusa mguu wa kulia. Akagusa wa kushoto. Akaniuliza wamebaki wangapi. Hakupandisha sauti. Nikasema wawili. Nikaanza kueleza. Akapita kando yangu, akatoka getini na mtoto kifuani. Mama akajifunga kanga akamfuata, na mimi nikawafuata wote wawili, nikieleza. Fundi viatu alinyanyua kichwa tulipopita. Nilimsalimia.

Stoo haikuwa na kufuli. Dada aliingia, akapiga magoti. Tausi hakunguruma. Dada alimweka yule jike kwenye chuchu, akahesabu, akawashika miguu na wale wengine. Mama alikuwa ameona viatu vyake kwenye gunia, vimetafunwa visigino, hakuvichukua.

Kisha Dada akasema, ungeniambia tu Tausi hana watoto ningekupa nusu. Ningekupa nusu siku ile ile, mdogo wangu.

Nikasema kwamba yule mdogo kweli alikufa, hilo halikuwa uongo. Akauliza tena lile swali lake, kama alikuwa na joto. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema sijui, nilikuwa sebuleni.

Waliwabeba kwenye beseni la nguo. Tausi alitoka nyuma yao. Nilimwita. Nilimwita kwa ile sauti ya chakula. Alisimama getini, akanitazama, watoto wakalia ndani ya beseni, akaenda. Mama alisema atabaki kwa Dada, kuna kazi nyingi. Hakusema mpaka lini.

Ijumaa, 21 Juni

Nyumba imetulia sana. Nimefagia mabanda yote, na nilipomaliza nikayafagia tena.

Mwenyekiti ameshaambiwa. Amenipigia, akasema maneno machache, mengine yalikuwa ya Kilatini au ni simu ilikuwa mbovu. Atamchukua dume wake kwa Dada. Nimetolewa kwenye kundi la chama. Nasikia nimeshapewa jina, lakini hakuna anayekubali kuniambia ni lipi.

Jana nilikuwa na huzuni. Leo nimepata utulivu wa kuchambua mambo kama mtu mzima, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa moja tu, tena dogo. Vile vidole vya nyuma. Ningevikata siku ya kwanza, hadithi nzima ingekwenda sawasawa, Dada angekuwa na mbwa wake, mimi wangu, na wote tungekuwa na furaha. Nimenunua mkasi mzuri, wa chuma kisichoshika kutu.

Mlinzi wa gereji ana jike mwenye mimba. Mimba ya kweli, nimembonyeza mwenyewe akiwa amelala. Baba wa watoto hajulikani, na asiyejulikana anaweza kuwa yeyote, hata Jemedari. Mlinzi yuko tayari kuniachia wote, anasema wanamletea kelele kazini. Jike huyo atazaa wiki hii.

Tatizo ni kwamba sina kasha la kuzalia. Nimemwandikia Dada ujumbe kumwomba aniazime lile la Baba, kwa kuwa alishasema ni haki yangu, na nikamkumbusha kumsalimia Mama. Ujumbe ameusoma tangu saa nne asubuhi. Hajajibu. Bila shaka analipangusa vumbi kwanza.